Mlango wa Ng'ombe Mwekundu

Nyanungu, Tarime
18 Agosti 1974

Ndugu yangu Bushiri,

Pokea salamu zangu wewe na Adija. Mimi na Bhoke tu wazima, isipokuwa magoti yangu, nayo nimeshayazoea.

Tumehama. Ule mji wangu wa kilimani ulikokuwa unafikia siku za mnada, wewe na cherehani yako mgongoni mwa punda, umebaki miiba ya zizi tu. Sasa tuko chini, kandokando ya barabara, katika kijiji kipya. Walikuja na kamba na vigingi wakapima, nasi tukajenga mstari mmoja kama wanafunzi kwenye paredi. Nyumba zote sawa, nyasi sawa, udongo sawa, na milango yote inatazama barabara. Kule juu mlango wangu ulitazama zizi. Nikifungua macho asubuhi nilikuwa naona ng'ombe kabla sijaona watu, na siku ilikwenda vizuri. Lakini silalamiki. Maji yako karibu, na shule ya wajukuu naisikia hapa nilipokaa.

Jambo linaloniuma ni jingine, na ni wewe tu ninayeweza kumwandikia. Vijiji vinne vya zamani vimekuwa kimoja, kwa hiyo vigango vinne vya kanisa navyo vimekuwa kimoja, na mahali pangu padri ameleta katekista mpya aliyesoma chuo. Anaitwa Method. Ni kijana mzuri, ana sauti, anajua nyimbo mpya. Padri alinishika mkono mbele ya watu wote akasema, "Mzee Nikodemo amefanya kazi miaka mingi, sasa apumzike." Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti wa kijiji naye, wiki ileile, akanifuta katika zamu za shamba la ujamaa. Wazee wapumzike.

Nimepumzika, Bushiri. Nakaa mlangoni natazama barabara. Wenye nguvu wote wako shambani mpaka jioni. Nasali, lakini nikisali najisikia kama mtu anayegonga nyumba ambayo wenyewe wamehama.

Bhoke anasema nina kiburi. Huenda ni kweli.

Wako,
Nikodemo


Mugumu
9 Septemba 1974

Kwa ndugu yangu Nikodemo,

Assalaam alaykum, nawe jibu kwa desturi yako, Mungu anaelewa.

Lukmani mchuuzi alinifikishia barua yako pamoja na kuku wawili wa Bhoke. Mmoja tumemla. Wa pili Adija amempenda, anatembea naye uani.

Bhoke amesema kweli. Una kiburi, na mimi ninacho. Unajua siku hizi nashonaje? Macho yangu hayaoni tundu la sindano. Kila asubuhi kabla sijafungua duka Adija anakaa kizingitini anatia nyuzi, nyeupe, nyeusi, kaki, kisha anazichomeka sindano zote kwenye mto wangu mdogo. Nyuzi zikiisha, kazi imeisha, hata kama jua liko juu. Fundi mzima anategemea vidole vya mke wake. Mwezi wa kwanza niliona aibu. Sasa zile dakika za kizingitini ndizo ninazozipenda kuliko zote, maana ndipo tunapozungumza.

Sina ushauri. Umesema unagonga nyumba iliyohamwa. Mimi ningesema labda unagonga mlango usio wako, lakini mimi ni fundi wa nguo, sijui milango.

Tembea kidogo kila siku. Magoti yakikaa yanakakamaa.

Bushiri


Nyanungu
27 Oktoba 1974

Ndugu Bushiri,

Umenitabiria mabaya. Barua hii ichome ukimaliza, au ifungie mahali ambapo Lukmani hafiki, kwa sababu ikijulikana sitatoka nje tena.

Nilikufuata ushauri, nikawa natembea mpaka mtoni na kurudi. Macho yangu unayajua. Karibu naona, mbali ni moshi. Na nyumba zetu nimekwisha kukueleza zilivyo. Basi mimi, mtu wa ng'ombe tangu kuzaliwa, nikajiwekea alama yangu. Nashoni mwanangu ana ng'ombe mmoja mwekundu anayeumwa mguu, haendi malishoni, hufungwa mbele ya nyumba yangu. Nikiona wekundu ule, nimefika. Sikuhesabu milango. Nilimhesabu ng'ombe.

Siku moja Nashoni akamhamisha ng'ombe kumtafutia nyasi.

Niliona wekundu, nikakata kona, nikaingia. Nikatundika kofia ukutani nikakaa kwenye kigoda. Mungu alinisaidia, sikutamka hata neno. Mara kitandani gizani mtu akakohoa, na kikohozi hakikuwa cha Bhoke.

Wewe si Mkurya lakini umekaa nasi, unajua. Baba hakanyagi ndani ya nyumba ya mke wa mwanawe. Akikanyaga, wazee wanaitwa, mbuzi anachinjwa, na aibu inabaki hata mbuzi akiisha. Kule kilimani nyumba ya Nashoni ilikuwa ng'ambo ya zizi, hata mlevi asingekosea. Hapa iko ubavuni mwa yangu, na mlango ni uleule. Nilisimama pale. Nilifikiri, Nikodemo, umezeeka mpaka umeingia kwa mkweo.

Ndipo sauti ya mwanamume ikasema, "Karibu, katekista. Nilikuwa nakungoja."

Ni mzee aitwaye Ryoba. Ni kipofu. Ni wa ukoo wa ng'ambo ya mto, wale tuliokuwa tukichukuliana ng'ombe ujanani. Pengine yeye na mimi tumewahi kukimbizana. Operesheni ya vijiji imewaleta wao na sisi mstari mmoja. Anaishi na mjukuu wake na mke wa mjukuu, Esta, nao mchana wako shambani, kwa hiyo yeye hulala ukutani kutwa. Alinijuaje sijui. Akaniambia tangu wahamie hakuna mgeni aliyepita mlango ule, na kwamba alikuwa amesema moyoni, huyo Mungu wa watu wa kanisa kama yupo na amlete mtu.

Ningesema nini? Ningemwambia aliyenileta ni ng'ombe? Nilikaa. Tulizungumza habari za ukame, kisha za fahali mmoja wa zamani ambaye kila mmoja wetu alidai alikuwa wa kwao. Nilipotoka aliniuliza kama nitakuja kesho.

Nimekwenda kesho yake, na siku nyingine pia. Lakini najisikia mwizi.

Nikodemo


Mugumu
20 Novemba 1974

Nikodemo, ndugu yangu,

Nilicheka mpaka kuku akakimbia. Adija aliuliza kuna nini, sikumwambia, na hilo lenyewe limeleta ugomvi mdogo.

Sasa sikiliza bila kucheka. Kwetu mtu hutia nia kwanza kabla ya sala, kabla ya funga, hata kabla ya kutawadha. Tendo bila nia ni mwili unatikisika tu. Kwa hesabu hiyo, siku ya kwanza huna thawabu hata ya kuweka kiganjani. Uliingia kwa mguu wa ng'ombe, na kama kuna thawabu basi ni ya ng'ombe.

Lakini siku ya pili nani alikupeleka?

Mpelekee salamu mzee Ryoba. Kama ni yule mrefu mwenye kovu shavuni, niliwahi kumshonea koti la kaki pale mnadani, akasema mikono ni mifupi. Alikosea. Mikono yake ndiyo mirefu.

Bushiri


Nyanungu
12 Januari 1975

Ndugu Bushiri,

Ni yeye, na anasema mikono ya koti bado ni mifupi. Nilimsomea barua yako, ila nikaruka pale pa ng'ombe.

Habari ni nyingi na nyingi ni njema. Siku moja Ryoba aliniambia, kwa nini tukae wawili kama kuku wanaoatamia mayai, twende tukamwamkie fulani. Akashika fimbo yangu nyuma, tukatoka. Huyu asiyeona ndiye anayenionyesha milango. Anajua ya nani ni ipi kwa harufu ya moshi, kwa mbuzi, kwa mlio wa kinu. Tulimkuta bibi mmoja ambaye tangu ahame hajui jirani yake wa kulia ni nani. Tulimkuta Mokami, fundi wa vyungu wa zamani, mikono imekakamaa, hana wa kumwambia udongo mzuri uko wapi. Katika kila nyumba ya tatu au ya nne kuna mzee aliyeambiwa apumzike, amefungiwa na uji wake. Tunaingia, tunakaa. Anayetaka sala nasali naye. Asiyetaka, tunamsema mwenyekiti, naye anachangamka vilevile.

Nimefundisha dini miaka mingi nikiwa nimesimama. Sikujua kwamba inafundishwa pia mtu akiwa amekaa. Nikisali sasa, nasikia mtu yuko ndani ya ile nyumba. Nakwambia hili kwa furaha, nina furaha, Bushiri, mimi mwenyewe nashangaa.

Lakini sasa ndipo pagumu. Ryoba anataka ubatizo. Method alikubali kwa moyo mweupe kwamba mimi ndiye nimfundishe, na padri atakuja Jumatatu ya Pasaka. Juzi nilimwuliza Ryoba, kama inavyopasa, kwa nini unataka. Akajikuna kidevu, akasema, "Kwa sababu ulikuja."

Unaona nilivyonasa. Mtu mzima, aliyeishi na mila za baba zake mpaka mvi zimekuwa njano, anataka kuingia kwa Mungu kupitia mlango nilioukosea mimi. Je, nimwache ajenge juu ya ng'ombe? Nikimwambia ukweli, atasema hakuna aliyetumwa, atageukia ukuta tena. Nisipomwambia, nitamshikaje bega mbele ya padri? Na aibu yangu ya mkwe bado ipo, siifichi. Mara tatu nimekwenda nimejiandaa kusema, mara tatu tumeishia kwenye fahali.

Wewe uko mbali, unaona vizuri. Niambie.

Nikodemo


Nyanungu
2 Februari 1975

Shikamoo Mzee Bushiri,

Mimi naitwa Esta, ni mke wa mjukuu wa mzee Ryoba, ila yeye huniita mke wake kama ilivyo kwetu babu kumtania mke wa mjukuu. Nimejifunza kuandika darasa la watu wazima mwaka jana, kwa hiyo nivumilie. Kuanzia hapa ni maneno yake. Anasema kwanza niandike kwamba uji wangu ni mwepesi. Nimeandika.

Bushiri, mimi ni Ryoba wa koti la mikono mifupi. Nina jambo na sina wa kulipeleka. Nikodemo anaponisomea barua zako sauti yake huruka mahali, kama mtu anayevuka dimbwi, basi najua wewe ni mtu wa kuachiwa siri.

Nikodemo anaamini alikuja kwangu kwa kutumwa, au anafikiri mimi naamini hivyo. Mzee, siku ile alipotea. Aliingia, akatundika kofia kwenye ukuta wangu, akakaa kwenye kigoda changu, akasema, "Bhoke, niwekee uji."

Mimi sina Bhoke. Nimeoa wake wawili, wote wamenitangulia, na hakuna aliyeitwa hivyo. Lakini kijiji kizima kinajua Bhoke ni mke wa katekista, maana mumewe humwita kutoka mbali. Kwa hiyo nilimjua. Nikakohoa ili naye anijue. Ndipo nikasikia pumzi yake. Ilikuwa pumzi ya mtu aliyekanyaga nyumba ya mkwe. Mimi ni Mkurya, pumzi hiyo naielewa. Nikamwonea huruma. Nikasema, karibu katekista, nilikuwa nakungoja, na yale mengine ya Mungu amlete mtu nikayaongeza palepale ili apate pa kukaa.

Ulikuwa uongo. Sikuwa namngoja yeye wala mwingine. Nilikuwa nimeshaacha kungoja.

Nilijua hatarudi. Kesho yake nikasikia fimbo yake barabarani. Ikapita mlango wetu, ikasimama, ikarudi. Siku ya kwanza alipotea. Siku hiyo alikuja. Aliponiuliza kwa nini nataka maji ya kanisa nikamwambia kwa sababu ulikuja, nilikuwa naisema siku hiyo ya pili.

Sasa nimemdanganya mtu wa Mungu halafu nataka kuingia kwa Mungu wake. Je, padri akijua atanikataa? Na nikimwambia Nikodemo kwamba nilijua, ataona aibu, hatakanyaga kwangu tena. Sitaki asikanyage. Wewe unamfahamu. Nifanye nini?

Maneno yake yameishia hapo. Mimi Esta naongeza, na yeye hajui. Zamani nikirudi shambani nilikuta bakuli limejaa vilevile nilivyoliacha. Siku hizi nakuta tupu, na analalamika. Tafadhali mjibu vizuri.

Esta


Mugumu
23 Februari 1975

Nikodemo,

Nimekaa na barua yako muda mrefu, na si hiyo tu niliyokaa nayo. Nilidhani kazi yangu duniani ni sindano. Naona watu wananiachia na mengine, kama wanavyoacha nguo, na fundi mwaminifu havai nguo ya mteja. Kwa hiyo nakwambia moja tu bila kukupa sababu.

Mwambie. Nenda asubuhi, kabla ya uji. Ukishamwambia, nyamaza, na yeye aseme.

Kwa mkono wa Lukmani naleta kanzu nyeupe ya siku ya Pasaka. Imamu wetu nilimwuliza, akasema kumsitiri mtu hakuna dini. Adija alitia nyuzi nyeupe tu siku ile, mto wangu ulikuwa kama tunda la pamba. Mwambie Ryoba mikono nimeizidisha, asinisumbue tena.

Bushiri


Nyanungu
6 Aprili 1975

Ndugu yangu Bushiri, wewe na Adija,

Nilikwenda. Haikuwa mara moja. Kanzu ilikaa kwetu wiki mbili, Bhoke akawa ananiangalia. Kisha asubuhi moja, kabla ya uji kama ulivyosema, nilibisha hodi kwa Ryoba, nikakaa, nikasema nina neno zito la siku ile ya kwanza. Nikasema, "Ryoba, siku ile mimi..."

Basi, sikufika mbali. Yeye akauliza polepole, "Bhoke wako bado hajakuwekea uji?"

Sikuelewa. Kisha nikaelewa. Bushiri, nilisema! Nilikwambia sikutamka neno, na niliamini hivyo, kumbe nilimwita mke wangu katika nyumba ya mtu. Ryoba akanieleza yote: kwamba alijua, kwamba alisikia pumzi yangu, kwamba alinitungia uongo ili nisife kwa aibu pale mlangoni. Miezi yote hiyo mimi nilidhani namfunika yeye, kumbe ni yeye aliyenifunika. Nililia mbele yake, na kwa kuwa haoni sikujifuta. Akasema, "Nasikia unalia. Lia, uji unakuja."

Alikuwa na hofu kwamba padri atamkataa. Nikampelekea padri yote mawili, ng'ombe na uongo. Padri alicheka, akaomba radhi kwa kucheka, halafu akamwuliza Ryoba mwenyewe swali lile langu. Ryoba akasema, "Aliyeingia kwa kupotea simjui alitumwa na nani. Aliyerudi kesho yake, huyo najua." Padri akamwandika katika daftari la ubatizo.

Jumatatu ya Pasaka ilinyesha, mvua ya kwanza ya maana tangu tuhame. Wazee wetu wote wa mstari walikuja, wengine wamebebwa, na Method akaimbisha mpaka nikasahau wivu. Ryoba alichagua jina Tomaso. Nilimwuliza kwa nini, maana huyo watu humsema vibaya kwa kutaka kugusa kwanza ndipo aamini. Akasema mtu anayeamini kwa vidole ndiye wa kwake. Kanzu ilimkaa vizuri, mpaka kwenye viganja. Alipapasa mikono yake yote miwili, akatafuta kosa, akakosa. Anasema umejirekebisha.

Habari ya mwisho. Mwenyekiti ameleta rangi, milango yote imepigwa namba kubwa nyeupe hata mimi naziona. Yangu ni kumi na saba, ya Nashoni kumi na nane, ya Ryoba ishirini. Ng'ombe mwekundu amepona, ameenda malishoni na wenzake. Kwa hiyo sina tena kisingizio, Bushiri. Nikiingia namba ishirini, nimekusudia.

Kila asubuhi nafika, sipigi hodi. Natundika kofia ukutani nasema, "Bhoke, niwekee uji."

Naye kitandani anajibu, "Umepotea tena, katekista."

"Nimepotea," namwambia, kisha namsaidia kuvaa viatu, tunatoka.

Wako,
Nikodemo